Maoni ya Kweli ya Bi Mwanvita

Nchi ninayotaka kuwasimulia iko mbali sana na hapa, wala msihangaike kuitafuta. Ukimwona mtu anacheka katikati ya habari hii, si kwamba anaifahamu nchi hiyo. Ana kicheko chake tu. Mimi niliishi huko, nikawa karani wa Serikali kwa miaka kumi na tisa, na naweza kuapa kwamba Serikali ile ilikuwa na nia njema kila siku ya kazi, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi.

Mambo yalianza pale Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Gaudensi Mbiligenda, aliporudi kutoka kwenye mkutano wa siku kumi na moja katika nchi moja ya baridi. Huko hotelini alikuta mswaki wa mpini wa mianzi na sabuni iliyofungwa kwa jani, akaambiwa kwamba walimwengu wote wenye akili sasa wanarudi kwenye asili. Aliposhuka kwenye ndege hakungoja hata afike nyumbani. Alisimama pale pale uwanjani mbele ya vipaza sauti, akasema:

"Ndugu wananchi, tumepotea! Tumeiacha asili! Kuanzia leo taifa hili linarudi kwenye asili, litake lisitake!"

Wananchi walipiga makofi huku wakitazamana. Wengi wao asubuhi ile walikuwa wamepiga mswaki kwa kijiti cha mti, wamesugua masufuria kwa makumbi na majivu, kisha wamekwenda sokoni na kikapu cha ukili kununua mchicha uliochumwa alfajiri. Hawakujua ni lini waliondoka kwenye asili, kwa hiyo hawakujua warudi kwa njia gani.

Serikali haikuwaacha wahangaike. Ndani ya wiki mbili iliundwa Wizara ya Uasilia na Mambo Mabichi, nami nikahamishiwa huko pamoja na meza yangu. Kanuni ya kwanza ilisema kwamba hakuna kitu kitakachohesabiwa kuwa cha asili mpaka kiwe na lakiri ya Wizara. Lakiri ilikuwa ya plastiki, ya kijani, nzuri sana, ila haikukubali kushika kwenye jani la mchicha. Ikabidi kila fungu la mchicha litiwe kwanza ndani ya mfuko wa nailoni, ndipo lakiri ibandikwe juu ya mfuko, ikisomeka: HAKIJAGUSWA NA NAILONI. Asali ilichelewa zaidi, kwa sababu fomu ilidai saini ya mtengenezaji.

*

Katika Soko la Mabatini kulikuwa na mama mmoja mjane, Mwanvita binti Kondo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki. Alikuwa akiuza madodoki ya kuogea, makumbi, vikapu, na unga wa muhogo aliousaga mwenyewe. Lakini umaarufu wake haukutokana na bidhaa. Ulitokana na mdomo. Mteja akishika kikapu, Bi Mwanvita humwambia, "Hicho kiache, mshikio wake nilishona nina homa. Chukua hiki." Mteja akitafuta papai, humwambia, "Langu leo halina utamu. Nenda kwa Mama Hija pale, lake limeivia mtini."

Mwanzoni wenzake walimwona ana wazimu. Baadaye waligundua kwamba mtu akiambiwa na Mwanvita kuwa kitu ni kizuri, hatafuti ushahidi mwingine. Hata daktari wa zahanati alikuwa akimtuma mkewe kwake.

Siku ya ukaguzi nilikuwepo, nimebeba daftari nyuma ya mkaguzi wetu. Mkaguzi aliokota dodoki moja, akaligeuza geuza.

"Hili limetengenezwa na nani?"

"Limeota," alisema Bi Mwanvita.

"Limeota wapi?"

"Uani kwangu, kwenye uzio."

"Nani aliliidhinisha liote?"

Bi Mwanvita alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mvua, baba," alisema.

Niliandika: *Mvua. Haina kibali.* Madodoki yote yalichukuliwa. Mkaguzi aliporudi ofisini alisimulia, kwa kulalamika tu, jinsi soko zima lilivyomzunguka likimtetea yule mama kwa kuwa eti hajawahi kumdanganya mtu. Katibu Mkuu wetu, Ndugu Pantaleo Sengwaji, aliyekuwa akinywa chai, aliweka kikombe chini.

"Hajawahi?" aliuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Na watu wanamwamini?"

"Kupita kiasi."

Ndugu Sengwaji alitabasamu. Lazima niwaeleze kwamba wakati huo Wizara ilikuwa na shida. Kiwanda cha Kijani Halisi, ambacho mmiliki wake, kwa bahati tu, alikuwa shemeji yake Waziri, kilikuwa kimejaza maghala kwa bidhaa za asili zenye lakiri, na wananchi hawakuzitaka. Hawakuzichukia, walipita tu kando yake.

Jumatatu iliyofuata gari la Wizara lilikwenda Mabatini kumchukua Bi Mwanvita. Soko likadhani amekamatwa. Kumbe ameteuliwa kuwa Mtoa Maoni ya Kweli wa Taifa.

*

Alipewa ofisi yenye maua ya plastiki na bango lililoandikwa ASILI NI UHAI. Aliapishwa kusema kweli, kweli tupu, kupitia ngazi zinazohusika. Kazi yake ilikuwa rahisi: analetewa bidhaa, anaitumia nyumbani, anarudi kusema alichokiona. Mimi ndiye niliyepangwa kuandika. Kisha Kamati ya Kupepeta Maoni inapitia, na redio inatangaza.

Sijapata kuona mfanyakazi mwenye bidii kama yule. Alileta kwanza maoni ya mswaki wa mianzi.

"Mpini ni mzuri," alisema. "Lakini nywele zake zinang'oka. Nimemeza tatu. Mtu asisugulie meno, atumie huo mpini kukorogea dawa."

Jioni redio ikatangaza: "Bi Mwanvita asema, Mpini ni mzuri!"

Akaja na sabuni ya kufulia ya majani. "Haina povu. Nimefulia shuka, sabuni ikaisha, uchafu ukabaki. Harufu yake inapendeza, hilo siwezi kulikataa."

Redio: "Bi Mwanvita asema, Harufu yake inapendeza, hilo siwezi kulikataa!"

Hakuwa mtu wa kuponda kila kitu, msije mkamwonea. Kile kitambaa cha nta cha kufunikia chakula alikipenda kwa dhati. "Chapati zimelala humo mpaka kesho yake laini kama zimetoka jikoni," alisema. "Hiki nitawaambia hata wanangu." Siku hiyo Kamati haikuwa na la kupepeta, ikaenda nyumbani mapema, na wajumbe walilalamika kwamba maoni ya namna hiyo yanahatarisha ajira.

Bi Mwanvita hakuwa na redio. Alikuja kujua siku Mama Hija, jirani yake wa papai, alipomfuata nyumbani na shuka mkononi. Shuka lilikuwa na madoa ya kijani, makubwa kama sahani.

"Mwanvita, dada yangu," alisema Mama Hija, "nimelifua kwa sabuni yako uliyoisifu. Lilikuwa la harusi ya binti yangu."

"Mimi nimeisifu?"

"Redio imesema. Na mimi nilijua ukisema wewe basi."

Mama Hija hakugombana. Alikunja shuka lake taratibu, akaondoka bila kuaga, na kesho yake sokoni akageuza meza yake ikatazama upande mwingine. Bi Mwanvita aliniambia baadaye kwamba angetukanwa asingeumia; ile kugeuziwa meza ndiyo iliyomnyima usingizi.

Alikuja ofisini asubuhi, hakukaa kitini.

"Shikamoo, mama," alisema Katibu Mkuu.

"Sikuja kuamkiwa. Mmefanya nini na maneno yangu?"

Ndugu Sengwaji alimweleza kwa upole, maana alikuwa msomi. "Mama, ukweli ni kama mchele. Hauliwi na makapi yake. Sisi tunapepeta tu."

"Mwanangu," alisema Bi Mwanvita, "ninyi mnapepeta, mnamwaga mchele, halafu mnawapikia watu pumba na kusema ni upishi wangu. Mimi sina nyumba ya ghorofa, sina ng'ombe. Nina jina. Nirudishieni, niende zangu."

Katibu Mkuu alisikitika naye sana. Alimwambia kwamba kujiuzulu kunaruhusiwa, mradi barua iambatane na maoni mazuri kuhusu kazi anayoiacha. Tena akamwomba avute subira, kwa kuwa Wizara ilikuwa inajiandaa kwa jambo kubwa kuliko yote: Unga wa Lishe wa Asili, utakaopikiwa uji watoto wa shule zote za msingi nchini.

"Watoto?" aliuliza Bi Mwanvita.

"Wote. Kuanzia shule ya Tumaini Jipya, Alhamisi ya wiki ijayo."

Akakaa kitini.

*

Unga huo ulikuwa na sifa moja ya kweli kabisa: haukutiwa dawa yoyote ya kuuhifadhi. Kwa hiyo ulitakiwa kuliwa mapema. Lakini ulikaa ghalani miezi minne ukingojea lakiri isemayo UMETOKA SHAMBANI LEO, na ghala lilikuwa linavuja.

Bi Mwanvita alifungua gunia mbele yetu. Alitia mkono, akautoa na bonge la rangi ya kijani lenye manyoya. Harufu ilitufikia hata sisi tuliokuwa mlangoni.

"Huu umeota ukungu," alisema.

"Rangi ya kijani ni ushahidi wa asili," alisema Katibu Mkuu, akiwa ameziba pua kwa kitambaa.

"Baba, kuna vidudu hai humu. Unga huu ni sumu. Mtoto akinywa uji wake atatapika mpaka macho yamgeuke, na mdogo anaweza kufa. Karani, andika. Andika kama nilivyosema."

Niliandika kama alivyosema. Kamati ikakaa mchana kutwa. Ilikuwa kazi ngumu, kwa kweli. Neno "sumu" lilitushinda kulipepeta. Hatimaye mimi mwenyewe ndiye niliyeona njia, nikapongezwa kwa makofi. Katika maneno yake yote tulichukua matatu tu na "hai" yake: "Bi Mwanvita asema, Unga huu ni hai!"

Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Wakati wa chakula mke wangu aliniuliza, "Hivi huo uji utafika na shule ya wanetu?" Nikamwambia ratiba haijatoka. Sikumaliza sahani.

Bi Mwanvita alipanda ngazi mpaka kwa Waziri mwenyewe. Mheshimiwa Mbiligenda alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kochi, akamhutubia yeye peke yake kwa dakika thelathini na tano.

"Mama yangu," alisema, "maoni mabaya ni taka. Je, Wizara yenye dhamana ya mazingira iruhusu taka itupwe hovyo masikioni mwa wananchi? Haiwezekani! Tumefuta mifuko, tutafuta na maneno machafu!"

"Mheshimiwa, twende ghalani ukanuse."

"Kiongozi hanusi, mama. Kiongozi anaona mbali."

Kisha akaagiza apelekwe kwenye semina ya siku tatu ya Kusema Kweli kwa Uwajibikaji. Huko walikula kuku wa kukaanga kwenye sahani za plastiki, na mwisho akapewa cheti.

Alhamisi asubuhi, kabla ya sherehe, ndipo Bi Mwanvita alipokwenda kwa mwalimu mkuu wa Tumaini Jipya, Edesia Lwambano, mwanamke mfupi mkimya aliyekuwa mteja wake wa vikapu kwa miaka mingi. Mwalimu alikuwa tayari amepokea magunia na barua. Barua ilisema watoto wasile chochote asubuhi, ili wafurahi vizuri mbele ya redio.

"Mwalimu, umeunusa?"

"Nimeunusa," alisema Mwalimu Edesia. "Nimeandika barua mbili. Nimejibiwa kwamba wewe umesema ni hai."

Bi Mwanvita aliinamisha kichwa. "Na wewe uliamini?"

"Sikuamini. Lakini nina barua yenye muhuri mkononi, na wewe huna hata karatasi."

*

Sherehe ilipendeza. Mahema mawili, viti vya plastiki vyenye vitambaa vya kijani, bendi ya polisi, na katikati sufuria kubwa ya uji ikitokota. Watoto mia nne na kumi na wawili walikuwa wamekaa chini juani, kila mmoja na kikombe chake. Mshereheshaji alitamka "itifaki imezingatiwa" mara sita. Waziri alihutubia kwa dakika arobaini kuhusu njaa, na watoto walimsikiliza kwa makini, maana walikuwa na njaa.

Kisha ikafika zamu ya Mtoa Maoni. Nilikuwa nimemwandikia sentensi moja kwenye kadi: *Nimeuonja, nao ni hai.* Redio ilikuwa inatangaza moja kwa moja nchi nzima.

Bi Mwanvita alikwenda kwenye sufuria, akachota uji kwenye bakuli. Uji ulikuwa na rangi ambayo sijaiona tena. Tukangoja auonje. Badala yake alilishika bakuli kwa mikono miwili, akavuka uwanja polepole, akapiga magoti mbele ya Waziri kama mkwe anavyopiga magoti mbele ya baba mkwe.

"Mheshimiwa," alisema, na ile sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, "kwetu sisi mgeni ndiye anayetangulia kuonja. Ni aibu mwenyeji na watoto wale, mgeni rasmi akitazama. Karibu."

Waziri alilitazama bakuli. Mvuke ulimpanda usoni, nikamwona anafumba macho.

"Asante sana, mama," alisema. "Nimeguswa. Ila daktari wangu amenikataza vitu vya moto."

"Nitakupulizia," alisema Bi Mwanvita, akapuliza.

"Na vya baridi pia."

Bi Mwanvita hakubishana naye. Aliinuka, akapiga magoti mbele ya Katibu Mkuu. "Karibu, mwanangu."

"Nimefunga," alisema Ndugu Sengwaji.

"Leo Alhamisi?"

"Nalipa deni la mwaka jana."

Akaenda kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye jino lilianza kumuuma pale pale. Akaenda kwa shemeji yake Waziri, mwenye kiwanda, ambaye alisema yeye unga huu anaupenda mno kiasi kwamba akianza hataweza kuacha, na watoto watakosa. Akaenda kwa Kamanda wa Polisi. Kamanda alisimama wima, akapiga saluti, akabaki hivyo hivyo mpaka bakuli lilipopita. Mstari mzima wa mbele ulipitiwa, kiti kwa kiti, kila mmoja kwa magoti na kwa heshima zote, na hakuna aliyeshika kijiko.

Watoto walikuwa wamenyanyuka kwa magoti ili waone vizuri. Mmoja akacheka, kisha wengine, kisha na wazazi nje ya uzio.

Bi Mwanvita alirudi katikati ya uwanja, akaweka bakuli chini.

"Wananchi," alisema, "maoni ya viongozi wenu mmeyasikia. Mimi sina la kuongeza."

Na hapo Mwalimu Edesia, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alipandisha sauti. "Watoto! Vikombe chini! Darasani!" Walipokwisha kuondoka alikunja mikono ya gauni lake, akashika ukingo mmoja wa sufuria kwa vitambaa, Bi Mwanvita akashika wa pili, wakaipeleka nyuma ya jiko na kuimwaga kwenye shimo la taka. Bendi ya polisi, kwa kuwa hakuna aliyeiambia vinginevyo, ikapiga wimbo wa taifa, nasi sote tukasimama wima mpaka sufuria ilipokwisha kumwagika.

*

Wizara ilitoa taarifa jioni ile ile. Niliiandika mimi: "Viongozi waliguswa na uji kiasi cha kushindwa kusema neno." Lakini safari hii nchi nzima ilikuwa imesikia yenyewe. Shule moja baada ya nyingine iliandika kwamba haina vikombe, au haina maji, au watoto wake wote wamefunga, wanalipa deni la mwaka jana. Unga ukarudi ghalani, ukaendelea kuwa hai.

Bi Mwanvita alifukuzwa kazi kwa kosa la kutotoa maoni akiwa zamu. Mwalimu Edesia alipewa uhamisho wa kwenda mpakani, kwenye shule ambayo wakati huo ilikuwa bado haijajengwa. Alitakiwa kusubiri chini ya ramani yake. Sokoni, siku Bi Mwanvita aliporudi na mkeka wake, alimkuta Mama Hija ameshamsafishia mahali pake. Hawakusemeshana kuhusu shuka. Mama Hija alikata papai, akampa nusu.

Wiki mbili baadaye Wizara ilipata habari za kutisha: wazazi wa Tumaini Jipya walikuwa wanapika uji shuleni bila lakiri. Kila mzazi analeta konzi la unga alionao nyumbani, wa mtama, wa muhogo, wa ulezi, unachanganywa, na Bi Mwanvita anasimamia sufuria. Nikatumwa kwenda kuandika ripoti ya uvunjaji wa kanuni.

Nilifika saa nne, wakati wa mapumziko. Watoto walikuwa kwenye mstari. Bi Mwanvita aliniona na daftari langu, akanitambua. Nilitaraji anitukane. Alichukua kikombe, akachota, akanipa.

"Ndiye wewe uliyekuwa ukiniandika," alisema.

"Ndiye mimi, mama."

"Kunywa."

Nilikunywa. Wanawake wote waliokuwa jikoni walinigeukia, na watoto waliokuwa karibu nao wakanitazama.

"Haya, karani," alisema, "maoni yako."

Miaka kumi na tisa nilikuwa nimepokea maoni ya watu, nimeyapanga, nimeyapepeta, nimeyapiga muhuri. Hakuna aliyewahi kuniuliza ya kwangu. Nikaonja tena, ili nipate muda.

"Ni mtamu," nilisema. "Lakini umeungua kidogo chini. Na sukari haijakolea."

Mama mmoja akasonya. Bi Mwanvita akachovya mwiko, akaonja.

"Kweli," alisema. "Umeungua. Nani alikuwa anakoroga?" Kisha akanigeukia. "Basi andika hivyo hivyo. Usipunguze neno."

Nikaandika hivyo hivyo, nikatia saini yangu, nikaipeleka kwa Katibu Mkuu. Na ndiyo maana siku hizi nina nafasi ya kutosha ya kuwasimulieni.